Mrithi Asiyejulikana

Kila aliyewahi kusoma Java chuoni analijua lile jedwali dogo la mwonekano. Lina safu za ndiyo na hapana zinazoonyesha nani anaruhusiwa kuona nini ndani ya klasi. Kilichotangazwa private ni cha klasi yenyewe, kilichotangazwa public ni cha kila mtu, na katikati kuna protected, ambacho ni cha ukoo, yaani klasi yenyewe pamoja na klasi zote zitakazorithi kutoka kwake. (Java huongeza na majirani wa kifurushi kimoja, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa tayari kwenye chumba cha mtihani.) Jedwali hukaririwa, maswali hujibiwa, na somo husonga mbele kwenye madirisha, vitufe na menyu, ambako urithi ndipo huanza kutumika kwa kweli. Nionavyo, ufundishaji wa namna hiyo unalipita haraka jambo zito kuliko yote. Katika programu zenye madirisha, swali la nani arithi halitengani na swali la nani aone, na ile ngazi ya katikati, inayofanana na suluhu ya upole kati ya kufunga na kufungua, ndiyo ahadi ngumu zaidi ambayo mwandishi wa klasi anaweza kuitoa. Anayefungulia ukoo anawafungulia watu asiowajua, na akishafungua, kufunga tena ni kuvunja kazi zao.

Kwa nini madirisha hasa? Urithi wa klasi ulizaliwa Norway, katika lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na lengo lilikuwa kuiga mienendo ya mifumo kama foleni na viwanda. Lakini ni kwenye skrini ndipo urithi ulipopata makao. Kitufe, kisanduku cha maandishi na orodha vyote vina upana, kimo, mahali pa kukaa na haja ya kuchorwa, kwa hiyo ni kawaida kuweka hayo yote katika klasi mzazi. La maana zaidi ni kwamba programu ya madirisha hukaa ikingoja kuitwa. Hakuna mtu anayeamuru kitufe kijichore. Maktaba ndiyo huamua kwamba dirisha limefunuliwa na kwamba sehemu hii inahitaji kuchorwa sasa, kisha huita mbinu iliyoachwa wazi ili mtoto aijaze. Katika Swing, maktaba ya madirisha ya Java, mbinu hiyo ni paintComponent, katika Windows Forms ni OnPaint, katika Android ni onDraw, na zote tatu zimetangazwa protected. Sababu inaeleweka: mgeni hana shughuli ya kuiita, lakini mtoto lazima aiandike upya. Kwa hiyo ngazi ya katikati haikubuniwa ili kupendezesha jedwali. Kazi ya madirisha iliidai.

Ili tuone ugumu unapoanzia, tuchukue mfano wa programu ya kupokea mazao, kwa kuwa kaunti za Meru na Embu nchini Kenya zinaufaa vizuri. Miteremko ya huko imegawa kilimo kwa mwinuko. Majani chai yako juu, karibu na msitu, ambako viwanda kama Mungania na Rukuriri kule Embu, au Githongo na Kionyo kule Meru, hupokea mavuno ya wakulima wadogo. Kahawa iko chini yake, Manyatta, Runyenjes na Imenti. Muguka uko Mbeere, miraa iko Igembe kwenye milima ya Nyambene, na ng'ombe wa maziwa karibu kila mahali. Tuseme chama cha ushirika kinapokea kahawa na maziwa, na mwandishi wa programu yao ametengeneza klasi moja ya dirisha, FomuYaPokezi, yenye nambari ya mwanachama, tarehe, uzito na kitufe cha kuhifadhi. Kutoka kwake zinarithi FomuYaKahawa, inayouliza kama mzigo ni cheri au mbuni, na FomuYaMaziwa, inayotaka lita na kipimo cha laktomita. Ndivyo mwanafunzi yeyote angefanya, na mhadhiri angemtilia alama ya vema.

Sasa mzazi ana mbinu mbili. Pokea huandika mzigo mmoja. PokeaZote huandika mizigo mingi kwa mpigo, kwa mfano pale hesabu ya asubuhi nzima inapoingizwa kutoka mizani ya elektroniki. Mwandishi wa FomuYaKahawa anataka jumla ya kilo ionekane chini ya dirisha, basi anaziandika upya zote mbili: kila moja inaongeza kilo kwenye jumla, kisha inamwachia mzazi amalizie. Kwa kila alichokiona, yuko sahihi. Asichokiona ni kwamba ndani ya mzazi, pokeaZote huita pokea kwa kila mzigo, na kwa kuwa pokea imeandikwa upya, wito huo unaangukia kwa mtoto. Kilo 40 zinasomeka 80. Joshua Bloch aliuonyesha mtego huu katika kitabu chake Effective Java cha mwaka 2001, kwa mfano wa seti inayohesabu vitu vinavyoingizwa ndani yake, na dawa rahisi inayomjia kila mtu ni kuacha kuandika upya mbinu ya pili. Dawa hiyo inafanya kazi hadi siku mwandishi wa mzazi, akitaka kuharakisha, anapoamua kwamba pokeaZote iandike mizigo yote kwenye hifadhidata kwa amri moja bila kupitia pokea. Siku hiyo jumla inasomeka sifuri. Hakuna aliyevunja sheria ya mwonekano, hakuna herufi iliyobadilika katika FomuYaKahawa, na mkompaili hana la kulalamikia. Mkulima anayetazama skrini ndiye wa kwanza kugundua.

Hapo ndipo jedwali linaposhindwa. Linatuambia nani anaweza kuita mbinu gani, lakini halituambii mbinu ipi huita ipi, na kwa mrithi hilo la pili ndilo lenye uzito. Utaratibu wa ndani wa mzazi, ambao kwa kila kipimo ni siri yake, huwa sehemu ya mkataba mara tu mbinu moja inapoachwa wazi kwa kuandikwa upya. Alan Snyder alilieleza hili mapema, katika mkutano wa OOPSLA wa mwaka 1986: urithi unaweza kuibomoa ile faragha ambayo klasi iliundwa kuilinda. Maktaba kubwa zenyewe hazijasalimika. Katika Swing, konstrakta ya JLabel au JPanel huita mbinu iitwayo updateUI kabla konstrakta ya mtoto haijaanza kazi. Anayerithi na kuiandika upya mbinu hiyo, akitumia ndani yake kigeu alichokitangaza mwenyewe, anakikuta kitupu, kwa sababu zamu yake ya kukijaza haijafika. Dirisha linakataa kufunguka, na kosa linaonekana kuwa mahali ambapo msimbo ukiusoma hauna kasoro.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote unatoka kwa watu walioiomba ngazi ya katikati. Toleo la kwanza la C++, la mwaka 1985, lilikuwa na milango miwili tu, wa faragha na wa hadhara. Bjarne Stroustrup amesimulia katika historia yake ya lugha hiyo kwamba muda mfupi baadaye Mark Linton alimwendea ofisini na kumsihi aongeze wa tatu. Linton alikuwa akitengeneza InterViews, maktaba ya madirisha kwa mfumo wa X, katika Chuo Kikuu cha Stanford, na alikuja na mifano ya msimbo halisi kuonyesha kwamba bila protected maktaba ya aina hiyo haiwezi kuwa ya haraka na ya kupanuka kwa pamoja. Alikubaliwa. Miaka mitano hivi baadaye, Linton huyohuyo alipiga marufuku data za protected ndani ya InterViews, kwa kuwa zilikuwa zimegeuka chimbuko la hitilafu. Msomaji aangalie vizuri kilichopigwa marufuku: ni data. Mbinu zilibaki. Data ikifunguliwa kwa ukoo, kila mjukuu anaweza kuibadilisha wakati wowote, na mzazi hawezi tena kuhakikisha chochote kuihusu. Mbinu angalau ina mwanzo na mwisho, na mzazi anaweza kusema itaitwa lini, baada ya nini, na mara ngapi. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, ingestahili nafasi kubwa darasani kuliko jedwali lote.

Mtu wa Meru au Embu ana kipimo kingine karibu naye, yaani kesi za urithi wa mashamba zinazojaza orodha za mahakama. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inampa mjane mwenye watoto, pale marehemu alipofariki bila wosia, haki ya kuitumia mali iliyobaki maisha yake yote. Kuuza ardhi ni jambo jingine. Hapo lazima mahakama iridhie. Sheria imetenganisha kutumia na kubadilisha, jambo ambalo Linton alilazimika kujifunza kwa gharama. Lakini ulinganisho huu unafika mahali unakatika, na pale unapokatika ndipo unapofunza zaidi. Mahakamani warithi wanajulikana: chifu anaandika barua ya kuwataja, notisi inachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi anapewa muda wa kujitokeza. Klasi haina chifu. Aliyeandika JPanel hakujua kama mtu wa Runyenjes angeirithi, na hana orodha ya kuwaarifu waliorithi kabla hajabadilisha neno. Tena shamba hurithiwa mwenyewe akishaondoka, ilhali klasi mzazi inaendelea kuishi, inatolewa toleo jipya kila baada ya muda, na watoto wote hubadilika nayo usiku mmoja.

Kuna na upande wa pili, ambao hutajwa mara chache. Urithi haufungui kwa watoto tu. Unafungua pia kwa wapita njia. FomuYaPokezi ikirithi JPanel, inachukua mbinu zote za hadhara za JPanel, na mojawapo ni removeAll, inayoondoa kila kilichomo. Sehemu yoyote ya programu inayoishika fomu hiyo inaweza kuiamuru ijiachie tupu, vitufe na visanduku vyote vitoweke katikati ya upimaji. Mwandishi hakuitaka mbinu hiyo, hakuiandika, na Java haimruhusu kuificha, kwa maana mtoto anaweza kupanua mwonekano wa mbinu aliyoirithi lakini hawezi kuupunguza. Ukali huo una sababu nzuri: popote anapotarajiwa mzazi, mtoto lazima akubalike, na asingekubalika kama angekosa mbinu ambayo mzazi anayo. Matokeo yake ni kwamba kila anayerithi klasi pana anajitwika ahadi za hadhara ambazo hakuzitoa. Njia ya kutoka ni fomu kuwa na paneli ndani yake badala ya kuwa paneli, na kuikabidhi kwa wengine kama Component tu, aina ambayo haina removeAll. Waandishi wanne wa kitabu cha ruwaza za usanifu cha mwaka 1994 walishauri hivyo: unganisha vitu kabla ya kukimbilia urithi.

Si kwamba urithi wa madirisha hauwezi kufanywa vizuri. Mfano ninaoupenda ni maktaba ya Delphi ya kampuni ya Borland, iliyotoka mwaka 1995. Kisanduku cha maandishi hapo kimegawanywa mara mbili. Kazi yote iko katika TCustomEdit, ambamo sifa nyingi zimewekwa kwenye ngazi ya ukoo. Kisha TEdit hurithi na karibu kazi yake yote ni kuzitangaza upya sifa hizo ili mtumiaji azione. Anayetaka kisanduku cha kawaida anatumia TEdit. Anayetaka kutengeneza kisanduku cha pekee, tuseme cha nambari ya mwanachama, anarithi TCustomEdit na kuchagua afungue zipi. Kwa kuwa kufungua kunawezekana na kufunga hakuwezekani, waliotengeneza maktaba hiyo walianza na vilivyofungwa. Ni uamuzi wa kiasi, na umewapa warithi nafasi ya kuchagua bila kumvua mzazi nguo.

Watakaopinga wana hoja, na ya kwanza ni ya ukubwa wa kazi. Programu nyingi za kaunti hizi huandikwa na mtu mmoja kwa ajili ya sacco moja au duka moja, na mwandishi huyo ndiye mzazi na mtoto. Kwa nini ajisumbue na warithi asiowajua? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mtu huyo angebaki. Lakini kazi nyingi za aina hiyo hupita mikononi mwa wanafunzi wa atachimenti, wanaokaa kwa kawaida miezi mitatu na kurudi chuoni, na anayefuata hukuta klasi ambazo aliyeziandika hayupo tena wa kuulizwa. Mrithi asiyejulikana hahitaji kutoka ng'ambo. Anaweza kuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeketi kwenye kiti kilekile muhula ujao.

Ya pili hutoka kwa wapenzi wa Python, lugha ambayo wengi huanza nayo siku hizi. Python haina mlango wowote wa kweli. Mstari wa chini mbele ya jina ni ombi tu kwamba usiguse, na bado watu wanatengeneza madirisha kwa Tkinter bila maafa. Nakubali. Ila mstari huo wa chini nao ni tamko la mwonekano, na unaheshimiwa pale ambapo kuna mtu wa kuukagua msimbo kabla haujapokelewa. Pasipo na mkaguzi, ombi husahaulika. Anayetumia Python ana haja kubwa zaidi ya kuandika, kwa maneno ya kawaida, mbinu zipi zimekusudiwa kwa watoto, kwa sababu lugha haitamsemea.

Ya tatu ndiyo ngumu. Ukifunga sana, watu huvunja dirisha. Android ilikuwa na mbinu nyingi zilizofichwa, na waandishi wa programu walizifikia kwa njia za pembeni kwa miaka, mpaka Google ilipoanza kuziwekea vizuizi katika Android 9 mwaka 2018. Java nayo ilianza kufungia sehemu zake za ndani katika toleo la 9 mwaka 2017, na programu zilizokuwa zimezoea kuzichungulia zikakwama. Hayo ni kweli, na yanathibitisha kwamba kufunga bila kutoa njia mbadala ni kukaribisha wezi. Lakini tutazame lawama ilimwangukia nani pale mambo yalipovunjika. Aliyeingia kwa njia ya pembeni alijua kwamba hakuahidiwa kitu. Aliyeandika upya mbinu ya protected aliahidiwa, na ikivunjika ana haki ya kulalamika. Kosa la kufunga mno hurekebishwa kwa kufungua katika toleo linalofuata. Kosa la kufungua mno halina toleo la kulirekebisha bila kuumiza mtu.

Mwisho kuna wanaosema mjadala wote umepitwa na wakati. Java yenyewe iliuacha mtindo wa kurithi ili kupokea tukio la kitufe, uliokuwa katika toleo la 1996, na mwaka 1997 ikaweka wasikilizaji wanaosajiliwa. Kotlin hufunga kila klasi isirithiwe mpaka mwandishi aseme wazi kwamba iko huru. Flutter hujenga skrini kwa kupachika vipande ndani ya vipande, na Jetpack Compose, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2021, hutumia funksheni mahali pa klasi za madirisha. Mwelekeo huo naukubali, tena naufurahia, kwani wote wanakiri hoja hii hii: kurithi kuwe kwa ruhusa. Hata hivyo Activity ya Android bado hurithiwa, na onCreate yake bado ni protected. Ukiiandika upya ukasahau kumwita mzazi, programu inasimama papo hapo na kukueleza kosa lako. Hata hapo mzazi hakuutegemea mwonekano peke yake. Aliweka sharti la wito na kulilinda mwenyewe wakati programu inakimbia.

Chuo Kikuu cha Meru kilipata hati yake mwaka 2013, sawa na jirani yake wa Chuka, na cha Embu mwaka 2016. Ni vyuo vichanga, na mitihani yao bado inaweza kubadilishwa bila kumkosea mtu heshima. Ombi langu kwa wanaoitunga ni dogo. Swali la kujaza jedwali la ndiyo na hapana liondolewe. Mahali pake mwanafunzi apewe klasi moja ya dirisha yenye mbinu kumi, aambiwe kwamba watu asiowajua watairithi kwa miaka mitano ijayo, kisha achague ni zipi atakazowaachia wazi, na kwa kila moja aandike itaitwa na nani, lini, na mara ngapi. Asiyeweza kuandika sentensi hizo aifunge mbinu hiyo, na apewe alama kwa kuifunga.